Habari za Daktari Paul Ehrlich

Mashariki ya nchi ya Wajerumani, katika jimbo la Silesia, palikuwa na mji mdogo jina lake Strehlen. Siku hizi mji ule umo katika nchi ya Polandi, nao huitwa Strzelin. Hapo ndipo alipozaliwa Paul Ehrlich, tarehe 14 Machi mwaka 1854. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Baba yake, Ismar Ehrlich, alikuwa na nyumba ya wageni, tena alitengeneza vileo na kuviuza. Mama yake, Rosa, alikuwa mwanamke mwenye akili na bidii.

Paul alipokuwa mkubwa kidogo alipelekwa shule katika mji wa Breslau. Alipenda hesabu na Kilatini, walakini insha za lugha yake mwenyewe zilimshinda. Inasimuliwa ya kuwa siku moja wanafunzi waliagizwa waandike habari ya maisha na ndoto, na wenziwe wakaandika maneno mazuri ya kishairi. Paul akaandika kwamba uhai ni kuungua polepole kwa vitu mwilini, kama kuni motoni, na ndoto ni kazi ya ubongo katika kuungua huko. Mwalimu wake hakupendezwa hata kidogo.

Alikuwa na ndugu wa upande wa mama, Karl Weigert, aliyemzidi umri kwa miaka tisa. Huyu alikuwa daktari, na kazi yake ilikuwa kutia rangi vipande vyembamba vya nyama ya mwili ili vionekane vema kwa hadubini, yaani darubini ya kukuza vitu vidogo. Siku zile watu wa Ulaya walikuwa wamegundua namna ya kutengeneza rangi za nguo kwa lami ya makaa ya mawe. Palikuwa na rangi za samawati, za zambarau, nyekundu na manjano, na kila mwaka zilitokea nyingine mpya. Paul alipotazama kazi ya Weigert, akashikwa na rangi hizo, asiziache tena maisha yake yote.

Jambo lililomshangaza ni hili. Rangi ikimwagwa juu ya kipande cha nyama haienei sawasawa. Sehemu moja huinywa rangi, na sehemu ya jirani yake huikataa. Watu wa pwani wajua jambo hili kwa hina. Hina ikipakwa mkononi, kiganja hukoza, nyuma ya mkono hushika kidogo tu, na kucha hubaki na rangi hata baada ya ngozi kutakata. Hina ni moja, mkono ni mmoja, walakini rangi huchagua mahali pake. Wengi waliona hivyo wakapita. Ehrlich aliuliza ni kwa sababu gani.

Alisoma udaktari katika vyuo vya Breslau, Strasbourg, Freiburg na Leipzig. Huko Strasbourg meza yake ilijaa madoa ya kila rangi, na vidole vyake pia. Mwaka 1878 alipewa cheo cha udaktari huko Leipzig kwa kitabu alichoandika juu ya rangi hizo, kisha akaajiriwa katika hospitali kubwa ya Berlin iitwayo Charité. Alitia rangi katika damu ya binadamu, akaonyesha ya kuwa seli nyeupe za damu zina namna mbalimbali, kila moja ikishika rangi yake. Hata leo hospitali zipimapo damu hufuata njia iliyotokana na kazi hiyo.

Tarehe 24 Machi mwaka 1882 Daktari Robert Koch alisimama mbele ya madaktari wa Berlin, akawaonyesha kijidudu kiletacho kifua kikuu. Ehrlich alikuwapo. Akarudi kwake akiwa hana usingizi, maana aliona ya kuwa njia ya Koch ya kukitia rangi kijidudu kile ni ndefu na ngumu. Baada ya muda mfupi akapata njia iliyo nyepesi na ya hakika zaidi, na Koch mwenyewe akaisifu na kuifuata. Mwaka uliofuata Ehrlich akamwoa Hedwig Pinkus, naye akamzalia binti wawili.

Lakini kazi ile ilikuwa na hatari yake. Miaka michache baadaye Ehrlich alianza kukohoa. Akatwaa makohozi yake mwenyewe, akayatia rangi kwa njia aliyoivumbua, akatazama katika hadubini. Akaona humo vijidudu vile vile vya kifua kikuu. Wakati ule ugonjwa huo haukuwa na dawa. Mwaka 1888 alisafiri pamoja na mkewe mpaka Misri, kwa kuwa hewa kavu ya jangwani ilidhaniwa kuwafaa wagonjwa wa kifua. Akakaa huko hata mwaka 1889, akarudi Berlin akiwa amepona.

Kabla ya kuugua alikuwa amefanya jaribio moja ambalo lazuri kukumbukwa. Alimtia mnyama aliye hai rangi ya samawati ndani ya damu, kisha akaona ya kuwa rangi ile imekwenda katika mishipa ya fahamu na kuikoza, na nyama zilizozunguka hazikukoza. Basi akawaza. Ikiwa rangi yaweza kusafiri katika damu, ikapita viungo vyote bila kutua, ikafika mahali pamoja na kushika hapo, je, sumu haiwezi kufanya vivyo hivyo? Mwaka 1891, pamoja na Daktari Paul Guttmann, aliwapa rangi hiyo wagonjwa wawili wa malaria, kwa kuwa aliona hukishika kijidudu cha malaria. Wakapata nafuu. Haikuishinda kwinini kwa nguvu, lakini njia ilikuwa imefunguka.

Katika miaka hiyo ugonjwa wa dondakoo uliwaua watoto wengi sana wa Ulaya. Koo liliota utando, mtoto akakosa pumzi, na wazazi walisimama tu wakitazama. Emil von Behring na Mjapani Shibasaburo Kitasato wakagundua mwaka 1890 ya kuwa mnyama aliyezoezwa sumu ya dondakoo kidogo kidogo hutoa ndani ya damu yake kitu cha kuizima sumu hiyo. Maji ya damu ya mnyama huyo yakimwingia mtoto mgonjwa, humwokoa. Walakini maji haya yalikuwa na nguvu leo na kesho hayana, na daktari hakujua ampe mtoto kiasi gani. Ehrlich ndiye aliyeweka kipimo cha haki, na mwaka 1897 akakitangaza. Mataifa mengine wakakifuata.

Kitu kile cha damu kinachozima sumu siku hizi huitwa kingamwili. Ehrlich alitafuta sana kujua chatoka wapi na chafanyaje kazi. Akasema ya kuwa seli za mwili zina juu yake vitu mfano wa matawi madogo, kila tawi na umbo lake, na sumu hushika tawi linalolingana nayo kama ufunguo unavyolingana na kufuli yake. Seli iliyoshikwa huota matawi mengine mengi ya namna ile, hata yakazidi, yakakatika na kuingia katika damu; na hayo ndiyo yanayokwenda kuikamata sumu kabla haijafika mwilini. Leo yajulikana ya kuwa kingamwili hutengenezwa na seli nyeupe fulani za damu, wala si na kila seli. Katika hilo alikosea. Lakini habari ya kufuli na ufunguo ilikuwa kweli. Kwa kazi hii alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Elie Metchnikoff.

Wajerumani wana hadithi ya kale ya mwindaji aliyepata risasi za ajabu. Hata akifyatua bunduki upande wowote, risasi huruka zikampiga mnyama anayemtaka. Ehrlich aliona ya kuwa kingamwili ni risasi za namna hiyo. Zatoka katika mwili wenyewe, zampita rafiki, zampiga adui peke yake. Tena akafundisha ya kuwa dawa iliyo njema yapasa kuwa na sehemu mbili: mkono wa kushika na mkono wa kuua. Mkono wa kuua usipokuwa na mwenziwe wa kushika, dawa huzurura mwilini ikiharibu kila kitu. Maneno haya yashikwe vema, kwa kuwa yatarudi.

Mwaka 1899 serikali ilimpa nyumba ya kazi katika mji wa Frankfurt. Kisha Bibi Franziska Speyer, mjane wa tajiri mmoja wa benki, akatoa fedha nyingi, ikajengwa nyumba ya pili kando ya ile ya kwanza, ikaitwa kwa jina la mumewe, Georg-Speyer-Haus. Ilifunguliwa mwaka 1906. Humo Ehrlich alifanya kazi pamoja na wataalamu wa kemia, akiwaandikia kila asubuhi maagizo ya siku juu ya karatasi ngumu za rangi. Akikosa karatasi aliandika juu ya mikono ya shati lake, au juu ya sakafu. Alivuta sigara nene kama 25 kwa siku, akitembea na sanduku lake kwapani. Vitabu vilijaa juu ya viti vyote vya chumba chake, hata mgeni akakosa pa kuketi.

Wakati huo huo msiba mkubwa ulikuwa Afrika. Ugonjwa wa malale, uletwao na mbung'o, uliingia kando ya Ziwa la Viktoria. Katika Uganda peke yake waliokufa kati ya mwaka 1900 na 1920 walizidi 200,000. Vijiji vilibaki bila watu. Mwaka 1906 Koch alifika visiwa vya Sese, akawatibu wagonjwa kwa dawa iitwayo atoksili, iliyotengenezwa kwa sumu ya aseniki. Wengi walipata nafuu kwa muda. Alipoongeza kiasi cha dawa, wako waliopofuka, wasione tena kabisa. Hapa palionekana wazi shida yenyewe: sumu ilikipiga kijidudu, ikayapiga na macho ya mgonjwa.

Ehrlich aliichunguza atoksili, akasema ya kuwa wataalamu wote wamekosea juu ya umbo lake, na ya kuwa yaweza kubadilishwa. Baadhi ya watu wake mwenyewe walikataa kumsadiki, wakaacha kazi. Alfred Bertheim alibaki, na mwaka 1907 wakathibitisha jambo hilo. Kisha wakaanza kuibadilisha sumu ile, huku wakipunguza na huku wakiongeza, wakajaribu kila namna kwa panya na sungura. Moja iliwaponya panya lakini ikawatia kiwewe, wakazunguka katika vizimba vyao mchana kutwa. Nyingine ilikuwa salama lakini haikuponya.

Dawa iliyoandikwa hesabu ya 606 ilijaribiwa na msaidizi mmoja, akasema haina faida, ikawekwa. Mwaka 1909 akaja kutoka Tokyo Daktari Sahachiro Hata, mtu mpole, mwenye subira na mikono stadi. Alijua namna ya kuwaambukiza sungura ugonjwa wa kaswende, ugonjwa ulao nyama na mifupa, uletao wazimu, ambao watoto huzaliwa nao bila kosa lao. Dawa yake ya zamani ilikuwa zebaki, nayo iling'oa meno ya wagonjwa. Ehrlich akamwagiza Hata ajaribu upya dawa zote, hata zile zilizokwisha kataliwa. Hata alipofikia 606, sungura wenye vidonda walipona.

Mwaka 1910 habari ikatangazwa, na Ulaya nzima ikashtuka. Ehrlich hakutaka dawa iuzwe kabla haijajulikana vema. Akagawa bure sindano kama 65,000 kwa madaktari, akiwaomba wamletee habari za kila mgonjwa. Baadaye ikauzwa kwa jina la Salvarsan. Ilikuwa dawa ngumu. Unga wake uliharibika kwa hewa, ulifungwa katika chupa zisizopitisha pumzi, na kuuyeyusha kulihitaji uangalifu mwingi. Mkono uliotetereka uliweza kumharibia mgonjwa mkono wake, au kumwua. Vifo vilipotokea, watu walimshambulia Ehrlich magazetini, wakasema ni mwuaji na mlafi wa fedha, na shauri likafika barazani mwa hakimu huko Frankfurt mwaka 1914. Mshtaki wake alihukumiwa kifungo. Ehrlich alikuwa amekwisha toa mwaka 1912 dawa nyingine ya ukoo ule ule, nyepesi zaidi kutumia. Kwa dawa za ukoo huo hospitali za Kenya na Tanganyika, za serikali na za misheni, ziliwaponya wagonjwa wengi wa buba katika miaka ya 1920, mpaka penisilini ilipokuja na kuchukua mahali pake.

Kuna adui mmoja ambaye Ehrlich hakumweza. Tangu mwanzo wa karne ya 20 alichunguza saratani. Alihamisha uvimbe kutoka panya mmoja hata mwingine, kizazi baada ya kizazi, akaona mara nyingine hukua na mara nyingine mwili huukataa. Mwaka 1909 aliandika ya kuwa huenda saratani nyingi huanza mwilini na kuzimwa na mwili wenyewe kabla hazijajulikana. Lakini dawa hakuipata. Kijidudu ni mgeni, na mgeni ana alama za kwao. Seli ya saratani ni mtoto wa nyumbani aliyeasi, amefanana na ndugu zake karibu kwa kila jambo. Mkono wa kushika ungemshika kwa nini?

Vita vya mwaka 1914 vilimhuzunisha sana. Mwili wake ulikuwa umechoka, na tarehe 20 Agosti mwaka 1915 alikufa katika mji wa Bad Homburg, akiwa na umri wa miaka 61. Akazikwa katika makaburi ya Wayahudi huko Frankfurt.

Wazo lake halikuzikwa. Mwaka 1958 Mfaransa Georges Mathé alizifunga kingamwili pamoja na dawa ya kuua seli, akazitumia kwa panya wenye saratani ya damu. Ilikuwa mara ya kwanza mikono ile miwili kuunganishwa hivyo. Lakini kingamwili zilizopatikana siku zile zilikuwa mchanganyiko, nyingine zafaa, nyingine hazifai. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge katika Uingereza, wakapata njia ya kutengeneza kingamwili za namna moja tu, nyingi kadiri itakiwavyo. Ndipo kazi ikaendelea.

Dawa yenyewe ni kama mpagazi mwenye mzigo. Mpagazi ni kingamwili, naye aijua nyumba moja tu: ile seli ya saratani yenye alama fulani nyingi juu yake. Mzigo ni sumu kali mno, isiyoweza kupewa mtu peke yake. Mpagazi hubisha hodi, seli humwingiza ndani pamoja na mzigo wake, na humo kamba hukatwa, sumu ikatoka, seli ikafa. Kazi ngumu kuliko zote ni ile kamba. Ikilegea, mzigo huanguka njiani katika damu, na mgonjwa huumia. Ikikazwa mno, haifunguki hata baada ya kufika. Tena alama ile isiwe nyingi katika moyo, au ini, au kiungo kingine kizima, maana mpagazi atabisha hodi huko pia. Dawa ya kwanza ya namna hii iliruhusiwa Marekani mwaka 2000, kwa saratani moja ya damu. Mwaka 2010 ikaondolewa, kwa kuwa ilionekana madhara yake yazidi faida; mwaka 2017 ikarudishwa, kwa kiasi kidogo zaidi.

Nyingine ina habari inayofika pwani ya Kenya. Mwaka 1972 wataalamu wa Marekani walitangaza sumu ya ajabu waliyoitoa katika kichaka cha Ethiopia, wakaiita maitansini. Mti wa jamaa yake ulikuwa ukimea katika Milima ya Shimba, kusini-magharibi ya Mombasa, na katika miaka hiyo ya 1970 tani zaidi ya 20 zake zilikatwa huko na kupelekwa Marekani. Wagonjwa wa saratani walipopewa sumu ile, walitapika na kuharisha, na mishipa ya fahamu ikaumia. Faida ilikuwa ndogo, ikaachwa. Miaka mingi baadaye sumu ya ukoo huo, ambayo sasa hupatikana kwa vijidudu vifugwavyo, ilifungwa juu ya kingamwili ishikayo alama iitwayo HER2. Alama hiyo huwa nyingi mno katika saratani ya matiti ya karibu mwanamke mmoja katika kila watano wenye ugonjwa huo. Kingamwili moja hubeba vipande vitatu au vinne vya sumu. Dawa hiyo iliruhusiwa mwaka 2013, na wanawake ambao saratani yao ilikuwa imekwisha enea mwilini wakaishi muda mrefu kuliko waliopewa dawa za zamani.

Wakati wa utawala wa Hitler jina la Ehrlich liliondolewa katika barabara ya Frankfurt iliyoitwa kwa jina lake, kwa sababu alikuwa Myahudi. Baada ya vita kwisha likarudishwa. Nyumba iliyojengwa kwa fedha za Bibi Speyer ingali iko kando ya barabara hiyo, na kazi ifanywayo humo siku hizi ni kuchunguza saratani.